Stika ya aliyeniuzia gari imeisha, na shemeji analifanyia Bolt: hatari yangu ni faini tu?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mwezi wa nane mwaka jana nilinunua Toyota IST mkononi kwa milioni 11. Niliikuta na bima ndogo inayoisha mwezi wa pili, kwa hiyo sikuhangaika kukata nyingine. Sasa imeisha, na ada za shule zimenikaba. Naendesha Mbezi hadi Mwenge kwenda kazini na kurudi, taratibu kabisa, sijawahi kugonga hata kuku. Jioni shemeji yangu huichukua kufanyia Bolt. Kadi bado ina jina la aliyeniuzia. Jamaa wananiambia nikikamatwa nitalipa elfu thelathini yaishe. Je, hatari halisi ni ipi? Na nikipata pesa nikate bima ndogo au kubwa?"*

Ndugu msomaji, kuhusu elfu thelathini jamaa zako hawajakudanganya. Ndiyo faini ya papo hapo ya kosa la barabarani kwa gari hapa Tanzania Bara, na wengi huilipa wakaendelea na safari. Ila wamekueleza hatari ya kukutana na trafiki, wakati wewe umeuliza hatari ya kuendesha bila bima. Na kuna jambo hukuliuliza, lakini limo ndani ya maelezo yako: kwa uwezekano mkubwa huna bima tangu siku uliyokabidhiwa funguo mwezi wa nane, si tangu mwezi wa pili.

Nianzie hapo, maana kosa hili linafanywa na karibu kila anayenunua gari mkononi. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu fulani kuhusu gari fulani. Aliyekata lazima awe na maslahi katika gari hilo, yaani likiharibika au likimdhuru mtu, hasara imguse yeye. Aliyekuuzia alipopokea milioni 11 zake, maslahi yake yaliisha. Wewe ndiye mwenye maslahi, lakini kampuni haikujui: hukujaza fomu yake, hukulipa ada yake, na haikuwahi kukubali kubeba hatari yako. Utaratibu ulikuwa wewe na muuzaji kwenda kwa kampuni au wakala siku ya mauziano, kampuni ikaandika mabadiliko ya jina kwenye mkataba, au muuzaji akausitisha wa kwake na wewe ukaanza wako.

Mbona hakuna trafiki aliyewahi kukusumbua miezi yote hiyo? Kwa sababu siku hizi trafiki anaingiza namba ya gari kwenye simu, na mfumo unamjibu kwa namba ya gari. Mfumo ukionyesha bima hai, anakupungia mkono. Hana sababu ya kukuuliza mkataba una jina la nani. Swali hilo huulizwa na ofisa madai wa kampuni, na huuliza baada ya ajali, akiwa ameshika kadi ya gari, mkataba wa mauziano na leseni ya aliyekuwa kwenye usukani. Kupita kizuizini na kuwa na kinga ni mambo mawili tofauti. Hilo likikukaa kichwani, mengine yote hapa chini yatakuwa rahisi.

Sasa sheria. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima inayokinga madhara kwa mtu wa tatu, yaani mtu mwingine anayedhuriwa na gari hilo. Angalia hilo neno la kuruhusu. Shemeji akikamatwa au akigonga, wewe uliyempa funguo umo ndani ya kosa, hata kama saa hiyo ulikuwa umelala. Elfu thelathini ni njia ya mkato ya kumaliza kosa dogo pale barabarani. Suala likifika mahakamani, hasa kukiwa na majeruhi, adhabu inaweza kuwa faini au kifungo. Gari lenyewe, likihusika kwenye ajali ya kuumiza watu, huzuiliwa kituoni kwa ukaguzi, na kulitoa huchukua muda.

Lakini yote hayo ni upande wa jinai, na upande huo hauwezi kukufilisi. Kinachofilisi ni madai ya fidia. Wengi hudhani ukishalipa faini umeshamalizana na mambo. Faini inakwenda serikalini. Aliyevunjika mguu hapati hata shilingi moja kutoka humo, na haki yake ya kukudai ipo palepale. Ana miaka mitatu ya kufungua kesi ya madhara ya uzembe, na akishinda, hukumu yake inaweza kutekelezwa hadi miaka 12. Mtu anaweza kukaa kimya mwaka mzima akiuguza mguu, wewe ukajua yamekwisha, kisha ukaletewa hati ya wito ofisini.

Tupige hesabu ya mfano, isiyo ya kutisha. Umeingia barabarani kutoka kituo cha mafuta, bodaboda akakuvaa ubavuni, mfupa wa paja ukavunjika. Upasuaji, chuma, vitanda na kliniki, tuseme milioni 3.5. Alikuwa anabakiza elfu 15 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Akikaa miezi sita bila kazi ni 2,340,000. Pikipiki yake matengenezo 800,000. Hiyo tayari ni 6,640,000, na hatujagusa fidia ya maumivu na ulemavu, ambayo hakimu huikadiria kwa kuangalia ripoti ya daktari. Bima ndogo ya gari binafsi, yaani hiyo ya mtu wa tatu, kwa kiwango kilichozoeleka cha laki moja na VAT ya asilimia 18, ni 118,000 kwa mwaka. Mguu mmoja uliovunjika umekula bima ndogo ya miaka 56. Na huo ni mguu. Akifa mtu mwenye watoto wanne, wategemezi wake wanadai kipato ambacho angewaletea kwa miaka aliyobakiza kufanya kazi, chini ya sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310.

Ukishindwa kulipa hukumu, mdai anaomba mahakama ikamate mali. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakinga baadhi ya vitu, ikiwemo nyumba unayoishi na mkeo na watoto wanaokutegemea. Usijifariji sana na hilo: kiwanja cha Kibaha, hilo gari lenyewe, akiba ya benki na sehemu ya mshahara havina kinga ya namna hiyo. Kwa mwajiriwa, kukatwa mshahara kwa amri ya mahakama ndiyo njia inayouma kuliko zote, kwa sababu humwondokei mdai.

Kuhusu kuendesha taratibu: nakuamini. Ila angalia bima inafanya nini hasa. Hata usipokuwa na kosa unaweza kushtakiwa, na utatakiwa kujitetea. Ukiwa na bima, kampuni ndiyo inayomchukua wakili, inatuma mkaguzi, inabishania kiwango cha fidia. Huna bima, wakili unamlipa mwenyewe, hata katika kesi utakayoshinda. Pia mahakama hugawanya uzembe: bodaboda hakuwasha taa, wewe hukutazama kioo, kila mmoja anabeba sehemu yake. Dereva mwangalifu anapunguza uwezekano wa ajali, hilo ni kweli, lakini hapunguzi gharama ya ile moja itakayotokea.

Kuna jambo moja wanaowatisha watu huwa hawalisemi, nami nalisema kwa haki. Kukosa bima hakukunyang'anyi haki yako ya kudai. Lori likikugonga kwa nyuma ukiwa umesimama kwenye foleni, unaweza kumdai mwenye lori na kufuatilia bima yake, hata kama wewe utaadhibiwa kwa kosa lako la kutokuwa na bima. Watu wengine huogopa hata kuripoti polisi kwa sababu bima imeisha, wakapoteza madai ya milioni nane kwa kuikimbia faini ya elfu thelathini. Usifanye hivyo.

Halafu kuna huu msemo wa "tutamalizana wenyewe". Kwa bampa iliyochunika, malizaneni. Kwa mtu aliyeumia, ni mtego wa pande zote mbili. Ukimpa majeruhi laki tano bila maandishi, kesho atasema ulimpa nauli. Na akifariki siku ya kumi, ile hela uliyompa kaka yake si lazima ihesabike, kwa sababu mwenye mamlaka ya kushughulikia haki za marehemu ni msimamizi wa mirathi, ambaye huenda akawa mjane mliyekuwa hamjawahi hata kuonana. Ikibidi kusaidia matibabu, na kibinadamu utasaidia, lipa moja kwa moja hospitali, risiti iandikwe jina la mgonjwa na mlipaji, na uziweke zote. Makubaliano yoyote yaandikwe kiasi kamili, yataje kwamba ni ya madai yote ya ajali ya tarehe fulani, yasainiwe mbele ya wakili. Usisaini karatasi ya "nitagharamia matibabu yake hadi atakapopona". Kupona hakuna tarehe. Na makubaliano hayo hayafuti kesi ya jinai, hiyo ni ya Jamhuri.

Tuje kwa shemeji, kwa maana hapa ndipo ninapoona hatari yako kubwa kuliko pale unapoenda kazini. Bima ya gari binafsi hukatwa kwa matumizi binafsi: kazini, sokoni, msibani, kupeleka watoto shule. Kubeba abiria kwa malipo ni matumizi mengine. Gari linakuwa barabarani saa nyingi zaidi, usiku, maeneo dereva asiyoyajua, likiwa na watu wasiomfahamu, na ada yake hupangwa kwa kuzingatia hayo. Ukikata bima ya binafsi kesho asubuhi na jioni shemeji akawasha programu, abiria wake akiumia, kampuni ina sababu nzito ya kukataa dai. Utakuwa umelipa 118,000 na bado huna kinga kwa saa zile ambazo ungeihitaji zaidi.

Wapo wanaojua kwamba sheria humlinda majeruhi, na wanasema kampuni hulazimishwa kulipa tu. Ni nusu ya ukweli. Zipo sababu ambazo kampuni inaweza kuzitumia dhidi ya mteja wake lakini haiwezi kuzitumia dhidi ya majeruhi aliyeshinda kesi. Hapo itamlipa majeruhi, kisha itakugeukia wewe ikudai ilichotoa. Na kama matumizi yenyewe hayakuwemo kabisa kwenye mkataba, hata hatua hiyo ya kwanza inaweza kugomewa. Kwa hiyo shemeji akitaka kuendelea na Bolt, gari likatiwe bima ya biashara ya kubeba abiria, liwe na leseni inayostahili ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na leseni yake ya udereva iwe na daraja linaloruhusu kazi hiyo. Ada ni kubwa kuliko ya binafsi. Aichangie yeye, ndiye anayeingiza hela.

Ndogo au kubwa? Bima ndogo inalipa waliodhuriwa na gari lako, na mikataba mingi huongeza mali ya mtu wa tatu kwa kiwango kilichoandikwa humo. Gari lako hailigusi. Abiria uliowapa lifti kwenye gari binafsi usidhani wamo. Soma mkataba au muulize wakala akuonyeshe kifungu. Ipo ya katikati, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo watu wengi hawaijui kwa kuwa mawakala hawaitangazi. Bima kubwa inaongeza uharibifu wa gari lako hata kama kosa ni lako. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani: kwa IST ya milioni 11 ni 385,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 454,300.

Kwenye bima kubwa angalia mambo mawili. La kwanza ni thamani unayoandika. Watu hushusha thamani ili ada ipungue, na hapo ndipo wanapoumia. Gari la milioni 11 ukiliandika milioni 5.5, umelikatia nusu. Matengenezo yakiwa milioni 2, kampuni inaweza kulipa milioni 1 tu, na humo itatoa tena kiasi ambacho mteja huchangia katika kila dai. La pili ni umri. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na baadhi ya kampuni hazichukui magari ya umri huo kwa bima kubwa, au huyachukua baada ya ukaguzi. Uliza kabla hujaanza kuota.

Kwa hali uliyoieleza, ningekushauri bima ndogo sasa hivi, wiki hii, na kubwa baadaye. Kipimo changu ni rahisi: gari likiungua kesho, je, utaweza kuishi bila hilo hadi ujipange upya? Kama ndiyo, hasara ya gari unaweza kuibeba mwenyewe kwa sasa. Hasara ya mguu wa mtu huwezi kuibeba. Ukiwa na mkopo uliowekea gari dhamana, hapo huna uchaguzi, mkopeshaji atataka kubwa. Na kama hata hiyo 118,000 haipatikani, liegeshe nyumbani upande daladala. Hela ya mafuta utakayookoa Mbezi hadi Mwenge kwenda na kurudi, ukijumlisha na foleni, si muda mrefu itakuwa imeifikia ada hiyo.

Unavyokwenda kukata, chukua kadi ya gari, mkataba wa mauziano, leseni, kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipa kodi. Kadi kuwa na jina la mwingine ni kizuizi unachoweza kukiondoa: anzeni uhamisho wa umiliki TRA, na mweleze wakala waziwazi kwamba umenunua, uhamisho unaendelea, mkataba wa mauziano ni huu hapa. Usikubali akukatie kwa jina la mwenye kadi "ili iende haraka". Utarudi palepale ulipokuwa mwezi wa nane. Na aliyekuuzia ana kila sababu ya kukusaidia kumaliza uhamisho, kwa sababu gari likiua mtu leo, jina la kwanza polisi watakalolikuta ni lake.

Lipa kwa kampuni, si kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ada isipolipwa hakuna bima. Karatasi ya ahadi haikukingi. Ukishalipa, kabla hujaondoka pale, fungua ukurasa wa kuhakiki bima wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, weka namba ya gari, kisha soma taratibu: kampuni ni hiyo uliyoilipa? Aina ya bima ni uliyoomba? Inaanza lini na inaisha lini? Vishoka wa stika bado wapo, na karatasi zao huwa nzuri kuliko za kweli. Halafu omba nakala ya mkataba wenyewe na uhakikishe jina, namba ya chesesi na matumizi ya gari yameandikwa sawasawa. Herufi moja iliyokosewa kwenye namba ya gari hurekebishwa kwa dakika chache leo. Baada ya ajali huchukua wiki na maswali mengi.

Usijaribu, wala usikubali wakala akushauri, kukata bima baada ya ajali na kuirudisha tarehe nyuma. Mfumo unarekodi saa, polisi wanarekodi saa, na hospitali nayo inarekodi. Hilo si kosa la kusahau bima tena, ni udanganyifu.

Yote haya ni ya gari ambalo bado halijagusa mtu. Kama kati ya mwezi wa nane na leo limewahi kutokea jambo, hata dogo, shemeji akakuambia "nilimgusa mtu kidogo lakini tulielewana", usisubiri wito. Nenda kwa wakili ana kwa ana. Kama uwezo ni mdogo, zipo taasisi za msaada wa kisheria zilizosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itakuelekeza iliyo karibu. Beba mkataba wa mauziano, nakala ya kadi, risiti zote, namba ya kumbukumbu ya polisi kama iliripotiwa, na nakala ya PF3 ya majeruhi, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukiweza kuipata. Ukishakuwa na bima yako halali na kampuni ikagoma kulipa dai bila sababu unayoielewa, omba sababu kwa maandishi, kisha peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kukimbilia mahakamani. Na funguo za jioni zibaki kwako hadi bima ya abiria itoke.